Mguu Uliokosa Mwenyewe

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ile ni swali ambalo baba aliliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Tulikuwa tumemaliza kula, tumekaa barazani kwetu Chanika, mama anakusanya sahani. Mdogo wangu Husna, ambaye ndiye aliyekuwa anazungumzwa, alikuwa ametumwa kuosha masufuria ili asisikie, na kwa jinsi masufuria yalivyokuwa kimya ilikuwa wazi kwamba anasikia kila neno.

"Zuhura," baba akasema, "wewe ndiye mwenye mguu. Mdogo wako aende au asiende?"

Husna ana miaka kumi na minne na anacheza baleti. Si ile ya kujifurahisha Jumamosi kisha mtu akanunuliwa aiskrimu. Mwalimu Imelda, ambaye zamani alinifundisha na mimi, anataka aanze mazoezi ya kila siku baada ya masomo. Kwa kuwa Chanika ni mbali, ameshauri Husna ahamie kwake Chang'ombe, asome shule ya jirani, na arudi nyumbani mwisho wa wiki. Baba anawaza mitihani. Mama anawaza mguu wangu. Nilipokuwa na umri kama wa Husna, mguu wangu wa kulia ulipata ufa, na tangu hapo katika familia yetu umekuwa kama marehemu anayetajwa kila likija jambo zito. Husna akiomba kwenda safari ya shule, mguu. Husna akiomba kupanda bodaboda, mguu.

Nikaomba nipewe muda wa kufikiri. Mtu kama mimi hapaswi kupewa muda. Nimemaliza chuo, nasubiri ajira, na hata ujumbe wa "mambo vipi" naujibu, naufuta, naujibu upya. Nikimwambia baba aende, Husna akaumia, nitakuwa nimemuumiza mimi. Nikisema asiende, akaja kuwa mtu mzima anayetazama miguu yake kwa huzuni, hapo pia ni mimi. Na je, nikisema aende, si nitakuwa namtuma akamalizie nilichokiacha? Nikisema asiende, si wivu huo? Nililala na maswali hayo na kuamka nayo.

Tunalala chumba kimoja, mimi na Husna. Viatu vyake vya kusimamia ncha za vidole huvitundika kwenye nondo za dirisha vikauke. Kwa macho ni viatu vya malaika, hariri ya waridi na utepe. Kwa pua ni jambo jingine: gundi iliyoloa, jasho, na poda ya mtoto inayojaribu kuficha vyote viwili. Upepo ulipoingia asubuhi moja ukiwa na harufu ile, nikajikuta niko Keko, mtoto, nimesimama kwa mguu mmoja.

Keko, kabla ya kuhamia Chanika, tulikuwa tumepanga nyumba iliyo nyuma ya mafundi seremala. Kila kitu chetu kilinukia vanishi. Mama akianika nguo nyeupe, zilianuliwa zikiwa na rangi ya mninga. Vitanda vya kuuza vilipangwa kando ya barabara, na kwangu vilikuwa ndiyo bomba la kushikia wakati wa mazoezi. Nilishika ubao wa kichwani, nikainua mguu nyuma, nikahesabu kwa Kifaransa nisichokielewa.

"Wee Bi Kitanda!" fundi mmoja alikuwa akinipigia kelele. "Usinivunjie mali ya watu! Mteja akija nitamwambia nini, kwamba kilishachezewa?"

"Nakijaribu kama ni imara," nikamjibu.

"Basi lala, maana kitanda kinajaribiwa kwa kulala!"

Mwalimu Imelda alikuja shuleni kwetu kutafuta watoto wa kufundisha, akatupitia mstarini akitugeuza miguu. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, sauti yake kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alifundishia kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Chang'ombe. Majirani walimuuliza mama, mtoto wa Kiislamu anafuata nini kanisani? Mama, Mzaramo wa Temeke asiyepungukiwa jibu, akawaambia, "Kaenda kucheza, hajaenda kubatizwa." Siku ya kwanza alinishonea sketi ndefu kidogo ya kuvaa juu ya ile nguo ya kubana. Mwalimu akaitazama, akaipandisha kwa pini, akasema imependeza. Hilo likaisha hapo.

Lakini kuna jambo halikuisha. Kila siku ya mazoezi mama alinileta mwenyewe, akanikabidhi mlangoni kwa mikono miwili, akamwambia mwalimu, "Mtoto wako huyo." Kisha akakaa kwenye ngazi za nje, akaupa ukumbi mgongo, akatoa miyaa kwenye mfuko na kuanza kusuka ukili wa mkeka. Hakuwahi kugeuka. Wazazi wa wenzangu waliingia, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakatupiga picha. Siku ya kuonyesha wazazi tulichojifunza, ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa na sehemu ya kucheza peke yangu, fupi lakini yangu. Niliinua macho kuelekea mlangoni, nikaona mgongo wa mama na khanga yake, na mikono ikienda na kurudi kwenye ukili.

"Mamako ni mlinzi wa humu?" Joyce, mwenzangu, akaniuliza tukiwa tunavua viatu.

"Ana joto. Anapenda upepo."

"Basi leo kaupata huo upepo. Wenzie wote humu, yeye yuko nje na kobazi za watu."

Nikacheka ili asione nilivyoumia. Rohoni nilikuwa nimeshapata jibu langu: mama ananionea aibu. Nilifikiri ni mapaja yangu kwenye ile nguo. Kisha nikafikiri sichezi vizuri, na mama hataki kunidanganya kwa kupiga makofi. Mtoto akishaamua jambo kama hilo, kila kitu huwa ushahidi. Njiani kurudi mama hakuuliza lolote kuhusu tulichofanya. Aliuliza kama nimekunywa maji.

Mwaka ule tulianza kusimama kwenye ncha za vidole. Ukisimama mara ya kwanza, chumba kizima huwa kimeshuka nawe umebaki juu. Nilitaka nibaki huko. Vidole vilichubuka, hilo tulishaambiwa. Lakini ndani ya unyayo wa kulia, nyuma ya vidole, kulianza maumivu mengine, madogo, ya kudumu, yanayokuja hata nikiwa nimelala. Hapo ndipo nilipopata swali langu la kwanza lisilolalika maishani: mguu ukiuma, anaambiwa nani?

Nilianza na mama. Alikuwa ananichua kwa mafuta ya nazi, kidole gumba chake kikapita pale penye maumivu, nikaruka.

"Panauma?"

"Panauma. Mama, mguu ukiuma hivi anaambiwa nani?"

Akafikiri. "Anaambiwa aliyekuambia uusimamie. Mie huko siingii. Vumilia mwanangu, ndivyo wanavyofundwa."

Nikaenda kwa mwalimu. Nilimsubiri amalize na wakubwa, nikamwambia mguu unauma kidogo.

"Mama ameuona?"

"Ameuona. Ananichua."

"Vizuri," akasema, na uso wake ukalegea kabisa. "Basi akiona umezidi ataniambia. Mama ndiye anayekuona ukiwa huna viatu."

Sikudanganya popote, na hakuna aliyenipuuza. Mama alijua, mwalimu alijua, kila mmoja akawa ametulia kwa sababu ya mwenzake. Mguu wangu ukabaki katikati yao kama mbuzi wa ubia, ambaye kila mbia anaamini mwenzake ndiye aliyemfunga.

Mbuzi huyo alikata kamba tukiwa kwenye mazoezi ya onyesho. Niliruka, nikatua, nikasikia sauti ndogo kama ya kuvunja kijiti cha kibiriti, na sikuweza tena kuukanyaga. Mwalimu akazima muziki. Nikawa nimekaa sakafuni, nimeushika mguu kwa mikono miwili, sijaanza hata kulia. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kucheza, nikasikia sauti ya mama mlangoni.

"Hodi mwalimu! Hodi, mwalimu wangu! Naruhusiwa?"

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, miguu pekupeku, khanga imeshamteleza begani, na hakuwa amevuka. Mtoto wake yuko chini, naye anapiga hodi.

"Mama Zuhura, ingia!" Mwalimu Imelda akapaza sauti. "Hodi ya nini, mtoto si wako?"

"Si nilikukabidhi wewe?"

Ndipo akaingia, mbio. Akapiga magoti, akaushika mguu wangu, na hapo wale wanawake wawili wakaanza kusemezana juu ya kichwa changu. Nayakumbuka maneno yao kuliko maumivu.

"Muda wote huu nakusubiri uingie," mwalimu alisema. Alikuwa akinifungua utepe. "Kila siku unanipa mgongo. Nikajua hunipendi. Nikasema labda ni kwa sababu ya kanisa."

"Mie? Nikupe mtoto kisha nisikupende?" Mama akamtazama kama aliyetukanwa. "Mwalimu, kwetu sie mwari wa unyago akishakabidhiwa somo wake wa kumfunda, mama hachungulii. Somo ndiye anayejua anamfunza nini. Mama akichungulia kamvunjia heshima, ni kama kusema simwamini. Mie nilikupa mwanangu, nikageuza shingo. Heshima gani tena unataka?"

Mwalimu akakaa sakafuni. "Kwetu mzazi asiyekuja kumtazama mtoto," akasema taratibu, "watu husema hamtaki."

"Ati simtaki!" Mama akaanza kulia. "Hatua zake zote nazijua kwa masikio. Huyu akitua, mie nje nasikia ni yeye. Juzi juzi mguu wa kulia ukawa unatua vingine. Unachelewa. Nikasema, ehee, leo mwalimu kawafunza hatua mpya."

Mwalimu Imelda akafunika mdomo kwa kiganja. Nadhani alitaka kulia, kikatoka kicheko, mama naye akacheka huku machozi yanamtoka, kisha wote wawili wakakumbuka kwamba mimi nipo na nimevunjika.

Hospitali walipiga picha wakatuonyesha ufa mwembamba kama unywele. Wakanifunga hogo la plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Mafundi wa Keko waliliandika majina yao, na yule wa kunitania akaandika Bi Kitanda kwa herufi kubwa kuliko wote. Watu walinipa pole, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mama hakuwa ananionea aibu. Alikuwa akinisikiliza. Mgongo ule niliousoma miezi yote kama kukataliwa ulikuwa ndiyo adabu kubwa aliyokuwa nayo, na aliitoa yote kwa ajili yangu.

Nilipopona nilirudi, nikacheza mpaka nilipomaliza kidato cha nne, kisha nikaacha mwenyewe, bila kulia, kwa sababu nilianza kupenda mambo mengine. Mguu haukuhusika. Lakini mama aliamini unahusika, na Husna alipoanza kucheza, mama akawa mtu mwingine kabisa. Sasa anaingia ukumbini. Anakaa mbele. Anamuuliza mwalimu jina la kila mfupa. Jioni anamketisha Husna kwenye kigoda, anamgeuza nyayo kwenye mwanga, anabonyeza.

"Mama ananikagua kama samaki wa soko la Feri," Husna huniambia. "Bado kunifunua mashavu tu aone kama nimechacha."

Nilicheka naye kila aliposema hivyo. Ndiyo maana wiki ile, nikiwa nimelala na swali la baba, nilichelewa kuona kilichokuwa mbele yangu. Husna alikuwa anavua soksi amenipa mgongo. Nikamwona anauma mdomo. Nikamwambia ageuke. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba pembeni mwa ukucha, chekundu, kinang'aa, na juu ya ukucha alikuwa amepaka rangi nzito ya zambarau ili usionekane ulivyokuwa mweusi.

"Mama hajaona?"

"Anaona rangi. Kanigombeza kwa rangi, akasahau kubonyeza." Akanishika mkono. "Dada, kausha bwana, usiseme. Akijua leo, basi tena, safari imekufa. Atasema mguu. Mguu wako wewe!"

Basi hapo nikawa na maswali mawili badala ya moja. Nikimsemea, nimemfungia mlango. Nikinyamaza, ninajua vizuri kijiti cha kibiriti kinavyolia. Nikatembea ndani ya chumba kile kidogo mpaka Husna akaniambia namtia kizunguzungu. Nikamkumbuka mama aliyeangalia pembeni na mama anayeangalia kwa karibu, na nikaona jambo ambalo kwa kufikiri kwangu kote sikuwa nimelifikiria. Wote wawili hawakujua mguu unauma kiasi gani. Yule wa kwanza aliuacha mguu kwa mwalimu. Huyu wa sasa ameuchukua kabisa, na mtoto imebidi auibe mguu wake mwenyewe na kuuficha kwenye rangi ya kucha. Hakuna aliyewahi kutuambia, mimi wala Husna, kwamba mguu ukiuma, wa kwanza kuusemea ni yule aliyeuvaa.

"Sitakusemea," nikamwambia. "Utasema mwenyewe. Mbele ya mama, kisha kwa mwalimu."

"Dada, usinizingue."

"Ukiweza kulisema hilo leo, hapa, ndiyo nitajua unaweza kulala nyumba nyingine. Usipoweza, hata mimi nitasema usiende."

Alininunia siku nzima. Jioni baba aliuliza tena. Nilimtazama Husna. Akasimama, akavua ndala, akaweka mguu juu ya stuli ya kahawa. Alikuwa ameshafuta rangi.

"Kinauma tangu Jumanne," akasema. "Nilikificha. Mama, nilijua ukikiona utanikataza."

Mama akanyoosha mkono kukishika, kama kawaida yake. Husna akauondoa mguu, si kwa jeuri.

"Subiri mama. Nimpigie mwalimu kwanza, mimi."

Simu ikawekwa spika. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu. Husna akaisogelea simu. "Mwalimu, kidole gumba cha kushoto kimevimba, kina usaha pembeni. Kesho naomba nisisimame kwenye ncha."

"Na keshokutwa pia usisimame," sauti ya Mwalimu Imelda ikatoka, ile ile ya ng'ambo ya mto. "Nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Njoo ukae utazame wenzio, kutazama nako ni kazi. Nani kakuambia unipigie?"

"Dada. Ila nimepiga mwenyewe."

"Asante kwa kuniambia, Husna."

Simu ikakatika. Mama alikuwa ameitazama meza muda wote. "Zuhura hakuwahi kusema hivi," akasema, kama anayeongea na meza hiyo.

"Nilikuwa sijui kama ni mguu wangu, mama. Nilidhani ni wenu."

Akanipiga kibao cha mapenzi pajani, akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Na hiki kisamaki changu," akasema akimtazama Husna, "nikikiruhusu, jioni nitakuwa nabonyeza nini?"

"Mbonyeze baba," Husna akasema. "Ana magaga."

Baba hakucheka. Ni mtu wa Same, jambo likishaanza lazima lifike mwisho. Akanigeukia. "Bado hujanijibu, Zuhura. Nakuuliza wewe uliyepita huko."

Nikataka kusema kwamba kuna hoja za pande zote mbili. Nilikuwa nazo, nimezipanga vizuri, na kila moja ilikuwa na hoja nyingine inayoipinga.

"Aende," nikasema.

"Una uhakika?"

"Sina, baba."

Baba akaitikia kwa kichwa, nami nikainuka, nikaingia chumbani na Husna, nikaanza kumsaidia kukunja godoro la kwenda nalo Chang'ombe.